Ukitaka Kumwita Mwanao Francesco

Jorge Mario Bergoglio alipochaguliwa kuwa Papa tarehe 13 Machi 2013 na kujipa jina la Fransisko, Italia tayari ilikuwa imejaa akina Francesco. ISTAT, taasisi ya takwimu ya nchi hiyo, ilikuwa ikilitaja jina hilo katika nafasi ya kwanza kwa watoto wa kiume mwaka baada ya mwaka tangu 2001, na lilikaa hapo mpaka Leonardo lilipolipita mwaka 2018. Kwa hiyo si kweli kwamba Waitaliano waliwaita watoto wao Francesco kwa kumfuata Papa. Papa na wazazi hao walichota katika kisima kimoja: kijana wa mfanyabiashara wa vitambaa, mzaliwa wa mji wa Assisi, aliyefariki mwaka 1226.

Mwongozo huu ni wa mzazi anayelifikiria jina hilo. Pengine mmoja wenu ni Mwitaliano, kama ilivyo katika baadhi ya nyumba za Malindi na Watamu. Pengine mnaishi Milano au Roma na mtoto atasoma shule za huko. Au ninyi ni Wakatoliki wa Songea au Bukavu, mnampenda mtakatifu huyo, lakini mnasitasita kati ya Fransisko, Francis, François na Francesco. Jina ni moja. Linalohitaji uamuzi ni umbo lake, na uamuzi huo utamfuata mtoto shuleni, kwenye vyeti na mdomoni mwa kila atakayemwita.

Mfaransa wa Assisi

Anza na maana, kwa kuwa ndilo swali la kwanza utakaloulizwa na bibi wa mtoto. Francesco limetoka katika Kilatini, Franciscus, yaani mtu wa Wafranki. Wafranki walikuwa watu wa jamii ya Kijerumani waliovuka mto Rhine na kuitawala Gallia wakati dola ya Rumi ya magharibi ilipokuwa ikiporomoka, na nchi hiyo ikaja kuitwa kwa jina lao. Katika Italia ya karne ya 12, mtu aliyesikia Francesco alielewa kitu kimoja tu: Mfaransa.

Msomaji wa Kiswahili ana ndugu za jina hili nyumbani kwake. Ufaransa ni neno la ukoo huohuo. Faranga nayo, fedha inayolipia ndizi Bujumbura, Kigali na Lubumbashi, imetoka kwa Wafranki walewale. Sarafu ya kwanza ya jina hilo ilitolewa mwaka 1360 ili kulipia fidia ya mfalme Jean wa Pili wa Ufaransa, aliyekuwa ametekwa na Waingereza.

Vitabu vingi vya majina vitakuambia kwamba Francesco maana yake ni "huru". Pana ukweli ndani yake, ila umewekwa kichwa chini. Wafranki ndio waliokuwa mabwana wa Gallia, na haki zote za mtu huru zilikuwa zao. Ndipo jina la kabila likageuka kuwa neno la uhuru. Kabila lilitangulia, uhuru ukafuata. Jibu la kweli kwa bibi, basi, ni kwamba mjukuu wake anaitwa Mfaransa. Akishangaa, msimulie kwa nini mtoto wa Mwitaliano aliitwa hivyo, kwa sababu uzito wote wa jina uko kwenye kisa hicho.

Pietro di Bernardone aliuza vitambaa Assisi na biashara yake ilimfikisha Ufaransa. Mwaka 1181 au 1182 mkewe, Pica, alijifungua mtoto wa kiume mumewe akiwa safarini, na mtoto akabatizwa Giovanni, yaani Yohane. Pietro aliporudi alilibadilisha jina, akamwita Francesco. Wasimulizi wa kale wa maisha ya mtakatifu wanalihusisha jina hilo na nchi iliyomtajirisha baba. Halikuwa jina jipya kabisa, lakini lilikuwa adimu, na lilikuwa jina la mtu mwenye mali: baba alimvika mwanawe sifa ya soko alilolipenda. Kijana naye alikua akipenda nyimbo za Kifaransa, mavazi ya bei na karamu na marafiki.

Kilichofuata kinajulikana sana, lakini mzazi anayelichukua jina hili akijue kwa mpangilio. Mwaka 1202 Francesco alikwenda vitani dhidi ya mji jirani wa Perugia, akatekwa, akakaa gerezani kama mwaka mmoja. Alirudi mgonjwa na mtu mwingine. Alianza kuwahudumia wenye ukoma, akauza vitambaa vya baba yake ili kukarabati kikanisa cha San Damiano kilichokuwa kimebomoka, na Pietro akampeleka mbele ya Askofu Guido kudai mali yake. Hapo, mwaka 1206, mbele ya watu, Francesco alivua nguo zote akamrudishia baba pamoja na fedha. Jina hakulirudisha. Lile neno lililomaanisha biashara na utajiri wa Ufaransa alikwenda nalo kwenye ufukara, na kabla ya miaka ishirini na mitano kupita lilikuwa limepata maana nyingine kabisa masikioni mwa watu.

Ndugu waliomfuata walipata idhini ya Papa Innocent wa Tatu mwaka 1209. Kanuni yao, iliyothibitishwa mwaka 1223, iliwakataza kupokea sarafu. Mwaka huohuo, kijijini Greccio, alitengeneza hori la Krismasi lenye ng'ombe na punda wa kweli, desturi ambayo leo iko katika kila parokia ya Kikatoliki kuanzia Mbinga hadi Machakos. Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226 na kutangazwa mtakatifu tarehe 16 Julai 1228, kabla hata miaka miwili haijatimia.

Tukio moja linastahili nafasi yake peke yake, hasa kwa familia za pwani ambamo Wakristo na Waislamu wameoana au wanaishi ua mmoja. Mwaka 1219, vita vya msalaba vikiwa vimepamba moto huko Damietta, Misri, Francesco alivuka mstari wa mapigano bila silaha akaenda kuzungumza na Sultani al-Malik al-Kamil. Hakumbadili dini Sultani, na Sultani hakumdhuru; alimpokea kwa heshima na kumrudisha salama. Miaka 800 baadaye, tarehe 4 Februari 2019, Papa mwenye jina la mtakatifu huyo alikuwa Abu Dhabi, Papa wa kwanza kukanyaga Rasi ya Uarabuni, akatia sahihi pamoja na Sheikh Ahmed al-Tayyeb, Imamu Mkuu wa Al-Azhar, hati ya udugu wa binadamu. Shangazi Mwislamu akikuuliza kwa nini umechagua jina la mtakatifu wa Kikristo, unalo jibu linalomhusu na yeye.

Francesco yupi?

Wazazi wengi hawajiulizi swali hili na baadaye hawajui hata siku ya somo wa mtoto ni ipi. Watakatifu wenye jina hili ni wengi, na wanne ndio utakaokutana nao zaidi.

Wa Assisi huadhimishwa tarehe 4 Oktoba. Papa Pius wa Kumi na Mbili alimtangaza msimamizi wa Italia mwaka 1939, pamoja na Katarina wa Siena, na mwaka 2025 Bunge la Italia lilipitisha sheria ya kuirudisha tarehe hiyo kuwa sikukuu ya taifa kuanzia 2026, mwaka wa 800 tangu kifo chake. Wa pili ni Francesco di Paola, mzaliwa wa Calabria, kusini kabisa mwa Italia, mwaka 1416. Wazazi wake walikaa muda mrefu bila mtoto, wakamwomba yule wa Assisi, na walipojaliwa wakampa mtoto jina lake. Siku yake ni 2 Aprili. Wa tatu ni Fransisko wa Sales, aliyezaliwa Savoy mwaka 1567, ambaye Wasalesiani wa Don Bosco wamechukua jina lake. Yeye ni 24 Januari.

Wa nne aliifikia pwani yetu yeye mwenyewe. Fransisko Ksaveri, mzaliwa wa Navarra, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda India, na kikanisa cha Wareno kilichopo mjini humo mpaka leo huhusishwa na safari yake. Sikukuu yake ni 3 Desemba. Waitaliano wa kusini wanalo jina la pamoja kwa ajili yake, Francesco Saverio. Aliyekuwa waziri mkuu wa Italia mwaka 1919 na 1920, Francesco Saverio Nitti, aliitwa hivyo. Kama babu wa mtoto aliitwa Fransisko Ksaveri, basi Francesco peke yake halitoshi kumrithi; ongeza Saverio.

Chagua mmoja na umwambie mtoto mapema. Nchini Italia, hasa kusini, siku ya somo si jambo la kanisani tu: ndugu humpigia mwenye jina simu, wafanyakazi wenzake humpongeza, naye huleta keki au vitafunio. Mtoto asiyeijua siku yake hupongezwa tarehe 4 Oktoba, kwa kuwa wote hudhania ni wa Assisi.

Umaarufu wake, na unachopaswa kusoma ndani yake

Jina lilienea kwa kasi ya ndugu waliovaa kanzu ya kijivu na kutembea pekupeku. Mwaka 1304 alizaliwa Arezzo mtoto aliyekuja kuwa Francesco Petrarca, mshairi ambaye Ulaya nzima ilijifunza kwake namna ya kutunga soneti. Mwaka 1401 alizaliwa Francesco Sforza, askari wa kukodiwa aliyeishia kuwa mtawala wa Milano. Mwaka 1599 alizaliwa Francesco Borromini, ambaye makanisa yake yenye kuta zinazopinda bado yanawasimamisha wapita njia wa Roma. Mshairi, askari, mjenzi: mapema kabisa jina lilikuwa limetoka utawani na kuwa la kila mtu.

Si kila Francesco ni wa kujivunia. Francesco Crispi, waziri mkuu aliyeisukuma Italia kuivamia Ethiopia, alianguka madarakani baada ya majeshi ya Mfalme Menelik wa Ethiopia kuwashinda Waitaliano huko Adwa tarehe 1 Machi 1896. Mtoto wa Kiafrika mwenye jina hili atakutana na Crispi katika kitabu cha historia, na ni bora amsikie kwanza kutoka kwa mzazi.

Akina Francesco wa leo ni wepesi zaidi kuwataja. Francesco Totti, aliyezaliwa Roma mwaka 1976, alichezea timu moja tu ya wakubwa, AS Roma, kuanzia 1993 hadi 2017, na alikuwemo katika kikosi kilichochukua Kombe la Dunia mwaka 2006. Francesco Bagnaia alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za MotoGP mwaka 2022 na 2023. Francesco Molinari alishinda mashindano ya gofu ya The Open mwaka 2018.

Sasa hesabu. Wengine husita kutumia jina lililowahi kuwa la kwanza nchini, wakihofu kwamba darasani watakuwa Francesco watano. Hofu hiyo imepitwa na wakati. Mwaka 2008 Italia ilipata watoto 576,659. Mwaka 2023 walikuwa 379,890. Majina yote yanagawana watoto wachache, na wazazi wa leo wana chaguo nyingi kuliko wa zamani. Francesco bado linatajwa miongoni mwa majina yanayopendwa zaidi, lakini mtoto anayezaliwa leo atakuwa na wajina wachache kuliko aliyezaliwa mwaka 2008.

Lipo jambo jingine ambalo takwimu hazilionyeshi vizuri. Majina mengi ya Kiitaliano yana umri. Ukisikia Giuseppe au Mario, kwanza unamfikiria babu; ukisikia Leonardo unamfikiria mtoto wa chekechea. Francesco halina umri. Lina babu, lina baba, lina mtoto, na hakuna kizazi kilicholikamata kuwa lake. Kwa mzazi anayetaka jina litakalomfaa mwanawe akiwa na miaka mitatu na akiwa na sabini, sifa hiyo ina thamani kuliko nafasi yoyote katika orodha.

Kusini ndiko liliko na mizizi mirefu, Calabria hasa, kwa sababu ya yule wa Paola. Huko desturi ya kale ni kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Msomaji Mkikuyu ataitambua mara moja, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo kwao. Kama umeolewa katika ukoo wa Calabria au Sicilia, uliza kwanza nani anasubiri jina lake kabla hujatangaza la kwako.

Kulitamka na kuliandika

Tamka fran-CHES-ko. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapouweka, na vokali zinasomwa kama zetu. Mdomo wa Mswahili hauna kazi ngumu hapa.

Kazi iko kwenye kalamu. Katika Kiitaliano, c inayofuatwa na e au i husomwa ch, lakini herufi ch zikiandikwa pamoja husomwa k. Mzazi anayetaka kuwarahisishia walimu wa Mombasa au Dodoma akaandika Franchesco amebadilisha jina bila kujua: Mwitaliano atalisoma "Frankesko". Francisco nalo ni jina halali, ila ni la Kihispania na Kireno. Fransesco si la lugha yoyote. Ukichagua umbo la Kiitaliano, liandike lilivyo, Francesco, na umfundishe mwalimu kulitamka siku ya kwanza. Ni somo la dakika moja, na mtoto mwenyewe ataweza kulitoa akifika darasa la pili.

Kanuni hiyohiyo itakusaidia kwenye majina ya kudeka, ambayo ni mengi kuliko ya karibu jina lolote la Kiitaliano. Cecco, linalosomwa "Chekko", ni la kale sana. Lilikuwa la Cecco Angiolieri, mshairi wa Siena wa wakati wa Dante. Checco husomwa "Kekko". Cesco ni "Chesko". Vijana wa leo hupenda Franci, "Franchi". Huko Roma humkata mtu jina katikati wakimwita kwa mbali, Francè, sauti ikipanda mwishoni. Pecco ndilo linalotumiwa na Bagnaia, na mashabiki wengi wa pikipiki hawajui hata kwamba anaitwa Francesco.

Ciccio, "Chicho", lina mambo mawili. Kusini ni jina la mapenzi la Francesco, kama lilivyokuwa la mchekeshaji wa Palermo Ciccio Ingrassia, aliyezaliwa Francesco Ingrassia. Lakini pia ni neno la kumwita mtu bonge. Bibi wa Sicilia akilitumia, anapenda. Watoto wa shule ya Torino wakilitumia, uliza wanamaanisha nini.

Franco lilikuwa kifupi, likajitegemea, na leo laweza kuandikwa kwenye cheti peke yake. Ukiliunganisha na Gianni, kifupi cha Giovanni, unapata Gianfranco, jina la Gianfranco Zola ambaye mashabiki wa Chelsea wa umri fulani hapa kwetu hawawezi kumsahau. Tazama lilivyo: Giovanni ni jina alilobatizwa nalo yule mtoto wa Assisi, Francesco ni alilopewa na baba. Familia inayogombana kati ya Yohane na Fransisko inaweza kuyachukua yote mawili kwa pigo moja, ama kama Gianfranco ama kama Gianfrancesco.

Watu wa Maziwa Makuu na Kongo wana Franco wao. François Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 1989, alijulikana kwa jina hilo fupi tu, na gitaa lake likalisambaza kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam. Mtoto akiitwa Franco Bukavu au Kigoma, wazee watamfikiria yeye kabla ya Mwitaliano yeyote.

Fransisko au Francesco?

Jina hili limehamia kila mahali na kila lugha imeliwekea nyumba yake: Franz kwa Wajerumani, Ferenc kwa Wahungari, František kwa Wacheki, Faransis kwa Wakristo wa Lebanon. Wahamiaji wa Kiitaliano Marekani wengi waligeuka kuwa Frank; mwongozaji filamu Frank Capra alizaliwa Francesco huko Bisacquino, Sicilia, mwaka 1897.

Kiswahili nacho kina nyumba yake, na ni imara. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi, watoto wa kiroho wa yule wa Assisi, walifika Dar es Salaam mwaka 1921, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ni ya urithi wao. Vizazi vimebatizwa Fransisko. Papa alipotembelea Kangemi, Nairobi, tarehe 27 Novemba 2015, watu wa mtaa ule walimshangilia Papa Fransisko, wala hakuna aliyehitaji kuelezwa jina lilitoka wapi. Alikuwa amekwisha kueleza mwenyewe sababu ya kulichagua: rafiki yake, Kardinali Cláudio Hummes wa Brazili, alimkumbatia kura zilipotimia na kumwambia asiwasahau maskini.

Kwa nyumba isiyo na uhusiano wowote na Italia, Fransisko ndilo chaguo bora, na hilo lisemwe bila kigugumizi. Ni jina kamili, halipungukiwi na lolote mbele ya Francesco. Kila karani anajua kuliandika, kila katekista analijua, na mtoto hatapoteza maisha yake akisahihisha watu. Kuchukua umbo la Kiitaliano kwa sababu tu linasikika la kigeni ni kumkabidhi mtoto kazi asiyoiomba.

Lakini ukweli hauishii hapo, kwa kuwa Francesco lenyewe lilianza kwa ugeni. Pietro di Bernardone alimpa mwanawe jina la nchi nyingine kwa sababu nchi hiyo ilikuwa sehemu ya maisha yake. Baba wa Watamu aliyefanya kazi miaka na Waitaliano, anayezungumza lugha yao na kula nao, akimwita mwanawe Francesco anafanya alichofanya Pietro. Binti wa Kitanzania aliyeolewa Bergamo vilevile. Uhusiano wa kweli ukiwepo, umbo la Kiitaliano lina haki yake yote.

Vyeti

Uamue tahajia kabla ya karatasi ya kwanza kuandikwa, iwe ni ya hospitali, ya parokia au ya serikali. Mtoto wa Mwitaliano akizaliwa Afrika Mashariki, cheti chake cha kuzaliwa huwasilishwa ubalozini ili kiandikishwe Italia, na jina litaingia huko kama lilivyoandikwa hapa. Franchesco ya karani wa hapa itakuwa Franchesco ya pasipoti ya Italia, na kuirekebisha baadaye ni safari ndefu ya ofisi mbili za nchi mbili.

Mtoto akizaliwa Italia, wazazi wana siku 10 za kumwandikisha katika ofisi ya manispaa, au siku 3 kama wanataka kufanya hivyo hospitalini alikozaliwa. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu uandikishaji zina mambo yanayowashangaza wageni. Mtoto hawezi kupewa jina la baba yake aliye hai, wala la ndugu yake aliye hai. Francesco akitaka kumwita mwanawe Francesco, italazimu aongeze au abadilishe kitu. Jina la babu halina kizuizi. Jina lazima lilingane na jinsia ya mtoto, kwa hiyo Francesco kwa mvulana na Francesca kwa msichana, bila kubadilishana.

Kuhusu ukoo, tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Italia wa mwaka 2022, mtoto huchukua majina ya ukoo ya wazazi wote wawili kwa mpangilio wanaokubaliana, isipokuwa wakiafikiana kutumia moja. Mtanzania aliyezoea jina lake, la baba na la babu aeleze mapema lipi ni la ukoo, kwa sababu karani wa Italia hujua nafasi mbili tu: jina na ukoo.

Mwisho ni jina la pili, ambalo familia nyingi mchanganyiko hulitumia kumpa mtoto jina la upande wa Afrika: Francesco Baraka, Francesco Juma, Francesco Mwangi. Sheria ya Italia inaruhusu hadi majina matatu. Yakiandikwa bila koma, yote ni jina moja rasmi na mtoto atalazimika kuyaandika yote katika kila fomu na kila sahihi. Yakitenganishwa kwa koma, vyeti vitatoa la kwanza tu, na jina la upande wa Afrika litabaki kwenye daftari la manispaa peke yake. Ukitaka mwanao aitwe Baraka pia kwenye kitambulisho chake, mwambie karani asiweke koma, na usome karatasi yote kabla ya kutia sahihi.